Kompyuta Inapoganda kwa Diski ya Zamani

(Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima. Yamepigwa chapa ili kila mwanafunzi ayasome tena polepole baada ya kuyasikia.)

Natumaini kila darasa limekwisha kukaa, na redio mmeiweka mahali ambapo hata walio nyuma wanasikia vizuri. Leo nawasemesha hasa wenzetu wa darasa la Mpui, lakini wengine wote karibuni. Kiongozi wa darasa, shika chaki. Tutaandika nambari chache ubaoni, na nambari hizo ndizo somo lenyewe.

Habari ya leo ni hii. Mtu ana diski ya zamani. Anatia nakala yake katika kompyuta mpya, nzuri, yenye nguvu. Anaiambia kompyuta, "Fungua." Kompyuta haifungui, wala haikatai. Inanyamaza tu. Mshale hausogei. Ukibonyeza herufi, hakuna kinachotokea. Watu husema kompyuta imeganda, kama samli inavyoganda asubuhi ya baridi. Ninyi mnaokaa Ufipa, ambako asubuhi za mwezi wa sita na wa saba ni baridi kweli kweli, neno hilo halihitaji maelezo.

Lakini kwa nini jambo hili litushughulishe sisi tunaojifunza kusoma na kuandika? Sikilizeni mfano.

Tuwaze chama cha ushirika cha wakulima wa mahindi karibu na Mpui. Si chama cha kweli, nimekibuni kwa ajili ya somo. Mwaka 1996 karani wa chama aliandika orodha ya wanachama na hisa zao katika kompyuta ya kuazima pale Sumbawanga mjini, akaiweka katika flopi moja. Daftari la karatasi lilibaki kabatini, mchwa wakalila. Sasa mama mmoja mjane anadai hisa za marehemu mumewe. Viongozi hawamkatalii, lakini wanataka kuona jina. Jina hilo liko wapi? Liko katika ile flopi tu. Basi kwa mama huyu, kuganda kwa kompyuta si jambo la mafundi peke yao.

Pengine wengine mnauliza kwa nini karani aliazima kompyuta mwaka 1996. Nchi yetu ilipata kompyuta ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Kazi haikwenda kama ilivyotazamiwa, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta. Marufuku hiyo ililegezwa baadaye, na mashine zikaanza kuenea polepole. Hata hivyo kupata kompyuta mjini ni jambo moja, na kuipata kijijini ni jambo jingine. Tuyaache hayo, turudi kwenye flopi.

Flopi ni kibamba cha plastiki, upana wake karibu inchi tatu na nusu. Ndani yake mna kisahani chembamba kilichopakwa unga wenye sumaku, na juu ya unga huo ndipo habari huandikwa. Flopi ya kawaida huchukua baiti 1,474,560. Baiti moja ni nafasi ya herufi moja. Ukurasa ukiwa na herufi 2,000, basi flopi moja itachukua kurasa zaidi ya 700. Si haba kwa kitu unachoweza kukitia katika mfuko wa shati.

Nafasi hizo zote zimegawanywa katika visanduku 2,880, kila kimoja baiti 512. Visanduku hivi huitwa sekta. Sekta ya kwanza hupewa nambari 0. Yenyewe ni kama kibao kilichopigwa kwenye lango la shule: inasema diski hii ni ya aina gani, na ina sekta ngapi. Katika flopi zilizopangwa kwa utaratibu wa DOS na Windows, sekta 1 hadi 9 zina jedwali. Sekta 10 hadi 18 zina jedwali lile lile, limeandikwa mara ya pili. Tieni alama hapo katika madaftari yenu. Sekta 19 hadi 32 zina majina ya mafaili. Kutoka sekta 33 hadi 2879 ndimo mlimo maandishi yenyewe.

Sasa, flopi ni kitu cha kuzeeka. Vumbi la kiangazi huingia, ukungu huota, sumaku hufifia. Tena kampuni ya Sony iliacha kuziuza Japani mwaka 2011, na kompyuta za leo hazina tundu la kuzitia. Kwa hiyo mtu mwenye busara hutafuta kisomeo cha flopi, kile cha kuchomeka kwa waya, akanakili sekta zote toka 0 hadi 2879, akaziweka katika faili moja. Faili hilo huitwa taswira ya diski. Linafanana na flopi kwa kila kitu, hata makosa yake. Na ukiiambia kompyuta iisome taswira hiyo kana kwamba ni diski halisi iliyochomekwa, kufanya hivyo huitwa kuipachika.

Kazi ya kupachika hufanywa na mfumo endeshi, yaani programu kubwa inayosimamia kompyuta nzima. Windows ni mfumo endeshi. Linux ni mwingine. Ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, kijana wa Finland. Simu ya Android uliyo nayo mfukoni nayo ina mfumo endeshi, na kiini chake ni hiyo hiyo Linux. Kiini ni sehemu ya ndani kabisa, inayoshika funguo zote.

Haya, kiongozi wa darasa, simama ubaoni. Orodha ya wanachama ni ndefu, haitoshi katika sekta moja. Imekatwa vipande, kila kipande kimewekwa katika fungu lake. Mafungu yenyewe pengine hayakufuatana, kwa sababu karani huandika leo, akafuta kesho, akaongeza mwezi ujao. Basi jedwali ndilo linaloonyesha njia. Kila fungu lina mstari wake katika jedwali, na mstari huo hutaja fungu linalofuata. Andika hivi:

Fungu 5, nenda 6.
Fungu 6, nenda 7.
Fungu 7, nenda 8.
Fungu 8, nenda 9.
Fungu 9, mwisho.

Wote someni kwa sauti. Vizuri. Kompyuta inaanza 5, inasoma kipande, inakwenda 6, 7, 8, 9, inaona neno "mwisho", inasimama. Orodha imekwisha.

Sasa futa mstari wa nne. Badala ya 9, andika 6. Nambari moja tu imeharibika, labda kwa kuvu, labda kwa sababu umeme ulikatika karani akiwa katikati ya kuandika. Someni tena: 5, 6, 7, 8, 6, 7, 8, 6, 7, 8... Mbona mnacheka? Nyamazeni kidogo, mwone ni nani atakayemwambia msomaji asimame.

Mambo haya ni kama safari. Msafiri ametoka Mpui, anakwenda Tunduma. Hajui njia, na amekatazwa kumwuliza mtu. Anafuata vibao tu. Kibao cha Mpui kinasema, "Nenda Laela." Kibao cha Laela kinasema, "Nenda Ikana." Hapo Ikana kibao kilipaswa kusema "Nenda Tunduma", lakini mhuni mmoja amekigeuza, kinasema, "Nenda Laela." Basi msafiri anarudi Laela, kilometa zipatazo 64. Laela anasoma kibao, anakwenda Ikana. Ikana anasoma kibao, anarudi Laela. Mimi na wewe tungesema, "Lo! Hapa nimekwisha kupita." Lakini msafiri huyu hakupewa kumbukumbu ya njia, amepewa utii tu. Atazunguka mpaka viatu viishe. Kompyuta haina viatu, na mzunguko mmoja huufanya upesi kuliko kufumba na kufumbua. Hivyo ndivyo inavyoganda: kwa nje imetulia kama jiwe, kwa ndani inakimbia.

Bado kuna swali. Programu nyingi hukosea kila siku, nasi tunazifunga, kompyuta ikaendelea na kazi. Kwa nini hii haifungiki?

Programu ya kawaida ni kama mteja dukani. Akileta matata, mwenye duka anamtoa nje. Lakini kusoma jedwali la diski iliyopachikwa ni kazi ya kiini, na kiini ni mwenye duka mwenyewe. Ameingia ghalani kuhesabu magunia yasiyokwisha, amejifungia, na ufunguo anao yeye. Wateja wanapanga foleni mlangoni. Kila anayetaka kitu ghalani anasimama nyuma ya mwenziwe. Katika Linux, programu iliyokwama katika foleni ya namna hiyo huonekana katika orodha ya kazi kwa herufi D. Hata ukiipelekea ile amri kali kupita zote ya kuifunga, amri husubiri nje mpaka mlango ufunguliwe. Ndiyo maana mwanzoni linaganda dirisha moja tu, kisha la pili, hata mwisho mashine nzima haikusikii.

Tena mtu hudhani kosa liko katika kule kupachika, kumbe pengine kupachika kumekwisha. Dirisha la mafaili lina haraka. Mara diski inapofunguka, linakimbilia kusoma mafaili yaliyomo ili likuonyeshe sura zake, nawe hujagusa kitu. Hapo ndipo linapoingia katika mzunguko.

Je, waliotengeneza mifumo endeshi hawakulijua jambo hili? Walilijua zamani, na dawa zake ni za kupendeza. Mojawapo ninyi mnaifahamu tangu utoto, maana ina Kobe na Sungura. Mtaalamu wa Marekani, Donald Knuth, aliieleza katika kitabu chake mwaka 1969, akasema ni ya mwenzake Robert Floyd. Inakwenda hivi. Watoe wawili pamoja kwenye fungu la 5. Kobe anakwenda hatua moja moja. Sungura anaruka hatua mbili mbili. Kama njia ina mwisho, Sungura ataufikia kwanza, na shauri limekwisha. Kama njia inazunguka, Sungura atamkuta Kobe humo humo mzungukoni, hana budi.

Wajaribuni kwa jedwali letu bovu. Wote wako 5. Hatua ya kwanza, Kobe yuko 6, Sungura yuko 7. Hatua ya pili, Kobe yuko 7, Sungura amepita 8 yuko 6. Hatua ya tatu, Kobe yuko 8, Sungura amepita 7 yuko 8. Wamekutana! Basi njia ni ya duara, tusimame. Hakuna aliyehitaji kukumbuka alikopita.

Linux yenyewe, inaposoma diski za utaratibu huu wa FAT, hutumia njia nyepesi kuliko hiyo. Inahesabu hatua. Hesabu ikizidi kiasi ambacho faili lolote laweza kuwa nacho, inasimama na kuandika kwamba imeona mzunguko katika mlolongo wa mafungu. Ni kama msafiri wetu angeambiwa, "Ukipita vibao zaidi ya mia kabla ya kufika Tunduma, keti chini, piga kelele." Si werevu mkubwa, lakini yatosha.

Basi kama dawa iko, mbona bado mashine zinaganda? Kwa sababu taratibu za kupanga diski ni nyingi, si FAT peke yake, na kila utaratibu una majedwali yake na mitego yake. Nyingine zimezeeka, na waliozitunza wamekwenda kwenye kazi nyingine. Kampuni ya Google ina programu iitwayo syzbot, ambayo kazi yake ni kukipa kiini cha Linux vitu vibovu kusudi, pamoja na taswira za diski zilizoharibiwa, ione kitaganda wapi. Makosa yanayopatikana kwa njia hiyo ni mengi. Mimi naona ni kazi njema sana. Afadhali kiini kigandishwe na mtu anayeandika tarehe na sababu, kuliko kigandie mezani kwa mama mjane.

Lakini tusimsingizie Sungura kila kosa. Pengine kompyuta haizunguki, inangoja. Kama umetia flopi yenyewe katika kisomeo, na sekta moja imechakaa, kisomeo hujaribu kuisoma, kikashindwa, kikajaribu tena, na tena. Utasikia mlio wa kukwaruza, na taa itawaka na kuzimika. Hapo sharti uache mara moja, kwa kuwa kila kukwaruza kunazidi kuila ile flopi. Kama ni taswira, hakuna mlio. Lakini pangaboi la kompyuta huanza kuvuma kwa nguvu, maana mashine inafanya kazi kweli kweli bila kufika popote.

Kadhalika tusichanganye kuganda na kukataa. Mfumo endeshi ukisema wazi, "Diski hii siijui," haukuganda, umejibu. Kompyuta za Apple, tangu mfumo wao wa mwaka 2019, hazipachiki tena diski za utaratibu wao wenyewe wa zamani kabisa. Linux nayo, katika toleo lililotoka Januari 2025, iliuondoa utaratibu uitwao ReiserFS. Mwenye diski ya namna hiyo asikate tamaa, atafute mfumo wa zamani ulio hai. Hilo ni somo jingine.

Twende sasa kwa chama chetu. Kompyuta imeganda, mama amekaa kwenye benchi, karani mpya anatokwa jasho. Afanye nini?

Kwanza asiguse flopi. Tena aitazame pembeni: kuna kitundu chenye kifuniko cha kusogeza. Kitundu kikiwa wazi, flopi haiandikiki. Na akiache wazi. Watu wengi hufikiri kinyume, kwamba kilichofungwa ndicho kilicho salama.

Kisha afunge kazi nyingine zote zinazofungika kabla ya kuzima mashine kwa kitufe, maana barua ya mtu mwingine isiyohifadhiwa itapotea naye alaumiwe kwa makosa mawili. Mashine ikiwaka tena, asiipachike ile taswira. Aitazame ukubwa wake kwanza. Taswira ya flopi yetu sharti iwe baiti 1,474,560 kamili. Ikipungua hata baiti moja, kunakili kulikatika njiani, na kibao cha langoni kinataja sekta ambazo hazipo. Hapo arudie kunakili. Flopi za aina nyingine zina hesabu zake: ziko za baiti 737,280, na zile pana za zamani zaidi za baiti 368,640 au 1,228,800.

Ukubwa ukiwa sawa, atoe nakala ya pili ya taswira, ile ya kwanza aiweke mbali. Kisha asimtume tena mwenye duka ghalani, amtume mteja. Maana yake, aifungue nakala kwa programu ya kawaida isiyopita katika kiini. Programu ya 7-Zip hufungua taswira za namna hii. Katika Linux ziko mtools, ambazo kazi yake ni kusoma diski za DOS. Hizi zikizunguka, unazifunga, na kompyuta haina habari. Mwenye taswira nyingi asizoziamini anaweza kutumia libguestfs, ambayo huwasha kompyuta ndogo ya kuigiza ndani ya kompyuta, ikapachika taswira humo. Ikiganda, inaganda ile ya kuigiza.

Na sasa ile alama mliyotia katika madaftari. Jedwali liliandikwa mara mbili! Sekta 1 hadi 9, na tena sekta 10 hadi 18. Kompyuta kwa kawaida husoma la kwanza tu. Lakini kuvu iliyokula mstari mmoja wa jedwali la kwanza haina sababu ya kula mstari ule ule wa jedwali la pili. Karani ayaweke majedwali mawili ubavu kwa ubavu. La kwanza linasema, "Fungu 8, nenda 6." La pili linasema, "Fungu 8, nenda 9." Yapi ya kweli? Fungu la 6 limekwisha kutajwa na fungu la 5, na fungu moja haliwezi kuwa na watangulizi wawili. Basi la pili ndilo la kuaminika. Programu za kutengeneza diski huuliza swali hili hili: nitumie jedwali la kwanza au la pili? Watu wengi hubonyeza jibu lolote kwa uchovu. Katika mfano wetu, anayejibu "la kwanza" anaithibitisha ile duara, na anayejibu "la pili" anafungua fungu la 9, penye majina ya mwisho ya orodha. Kama jina la marehemu lilianza kwa herufi za mwisho wa alfabeti, limo humo.

Na kama majedwali yote mawili yameharibika, bado sekta 33 hadi 2879 zipo. Programu iitwayo PhotoRec huzipitia moja moja bila kulitazama jedwali, ikitafuta mianzo ya mafaili inayoijua. Ni kazi ya kuokota punje zilizomwagika. Mengine utayapata yamekatika, lakini jina la mtu na idadi ya hisa zake ni mstari mmoja tu.

Kiongozi wa darasa, futa ubao. Zoezi la wiki hii ni hili. Andikeni jedwali la kwanza:

Fungu 12, nenda 13.
Fungu 13, nenda 20.
Fungu 20, nenda 21.
Fungu 21, nenda 14.
Fungu 14, nenda 15.
Fungu 15, nenda 20.

Jedwali la pili ni sawa na la kwanza, isipokuwa linasema, "Fungu 15, nenda 16," na tena, "Fungu 16, mwisho." Watoeni Kobe na Sungura kwenye fungu la 12 katika jedwali la kwanza. Watakutana katika fungu gani, na baada ya hatua ngapi za Kobe? Kisha fuateni jedwali la pili. Orodha nzima ina mafungu mangapi? Andikeni majibu kwa kalamu, si kwa penseli, na darasa la Mpui litakuwa la kwanza kusoma majibu yake wiki ijayo.